Tathmini: Kifaa cha Kuongezea Maziwa kwa Baba Aliyejifungua

Kifaa chenyewe ni kichupa cha plastiki kinachoning'inizwa shingoni kwa uzi, chenye mirija miwili myembamba ambayo ncha zake hubandikwa kwa plasta kando ya chuchu, ili mtoto anaponyonya apate kwa pamoja maziwa ya kifuani na yale ya kichupani. Hutumiwa zaidi na akina mama wenye maziwa haba. Mimi, ninayewasaidia wazazi kunyonyesha hapa Kanada, nakitathmini kwa ajili ya wanaume waliobadili jinsia, yaani waliozaliwa na mwili wa kike na sasa wanaishi kama wanaume, na kujifungua watoto wao wenyewe, kwa kuwa wanakihitaji mno, na bado kijitabu cha maelezo hakiwataji hata mara moja.

Baadhi ya wanaume hao walifanyiwa upasuaji wa kupunguza matiti ili kifua kiwe bapa kabla ya kushika mimba. Upasuaji huo kwa kawaida hauondoi tezi zote za maziwa, kwa hiyo wapo wanaotoa maziwa, japo machache. Tatizo ni kwamba ngozi hukaza, na mtoto hukosa nyama ya kutosha kukamata kwa kinywa chake. Trevor MacDonald, mmoja wa wanaume hao kutoka jimbo la Manitoba hapa Kanada, alimlisha mtoto wake wa kwanza kwa kifaa cha aina hii, akitumia pia maziwa yaliyotolewa na wazazi wengine. Yeye ndiye aliyeongoza utafiti wa mwaka 2016 uliowahoji watu 22 wa kundi hili kuhusu kunyonyesha, ambao 16 kati yao walinyonyesha kwa muda fulani.

Ubora wa kifaa hiki uko katika mtiririko wake: kichupa kikiinuliwa, maziwa hushuka haraka, kikiteremshwa, mtoto huyavuta kwa nguvu zake mwenyewe. Nilimshuhudia baba mmoja akiikunja ngozi ya kifua kwa kidole gumba na cha shahada, ncha ya mrija ikiwa imepita chuchu kidogo tu. Mtoto aliyekuwa akilia alikamata, akaanza kumeza, na mapovu yakawa yanapanda ndani ya kichupa. Baba yule alisahau kabisa kwamba nipo chumbani, nami nilifurahi mno kusahauliwa.

Kasoro zipo. Maziwa hugandia ndani ya mirija isipooshwa mara moja, jambo linalochosha sana usiku wa manane, na plasta huwasha ikibandikwa karibu na kovu. Isitoshe, kuna baba ambaye kumweka mtoto kifuani kunamtia dhiki kubwa kuhusu mwili wake. Huyo asishinikizwe na yeyote, kwani chupa ya kawaida itamlisha mtoto wake vizuri.

Kwa anayetaka kunyonyesha, nakipendekeza kwa moyo wote, mradi awepo mshauri wa unyonyeshaji siku za mwanzo na uzito wa mtoto ufuatiliwe kliniki. Anunue na mirija ya akiba, na azungumze na daktari wake kabla ya kurudia testosteroni, homoni ya kiume ambayo wengi wao hutumia, kwa sababu homoni hiyo huweza kupunguza maziwa.