Kruzi ya Karibiani na mama yangu: yule afisa wa mlangoni sitamsahau

Nianze na hili kabisa, mwenye haraka alichukue aende zake: kama una mzazi mwenye goti bovu na unataka kumpeleka kruzi ya Karibiani, yaani safari ya mapumziko kwa meli, usilipe hata senti kabla hujauliza ni bandari zipi meli inafunga gatini na ni zipi inatia nanga nje watu wakashushwa kwa boti. Mimi sikuuliza. Na waliouza tiketi hawakuniambia, waliouza tua (matembezi ya kulipia mkifika bandarini) hawakuniambia, mpaka tumefika mlangoni na mama yangu amevaa viatu vya maji nilivyomnunulia ndio tunaambiwa hawezi kushuka. Imepita miezi sasa lakini nikikumbuka kifua kinabana.

Naishi Houston, kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Mama alikuja kunitembelea kutoka Tanga, baridi ilikuwa imeanzaanza, nikasema nimpumzishe. Meli inaondokea Galveston, ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka kwangu, siku saba, inapita Falmouth Jamaica, halafu George Town pale Grand Cayman, halafu Cozumel Mexico, inarudi. (Mnaoleta wazazi kwa viza ya kutembea hakikisheni ni ile ya kuingia zaidi ya mara moja, maana ukishapanda umeshatoka Marekani na siku ya kurudi unaingia upya kama mgeni, pale Galveston pasi ya mama waliikagua kweli kweli.) Mambo ya mabwawa na maonyesho na bufee siongei, matangazo yapo utaona mwenyewe.

Mimi nilichokuwa namlipia mama ni kitu kimoja tu, taa. Nasema taa samaki, yule bapa mwenye mkia wa mwiba. Mama ni mzaliwa wa Kigombe, baba yake alikuwa mvuvi wa ngalawa, amekua kwenye maji akitanda uduvi na wenzake kwa vitambaa, na kwao taa ni samaki wa kuogopwa ukimkanyaga na wa kukaushwa ukimpata. Sasa pale Grand Cayman kuna fungu la mchanga katikati ya maji, maji ya kiunoni tu, taa wanakuja wenyewe kwa watu. Inasemekana zamani wavuvi walikuwa wanaingia pale kwenye utulivu kusafisha samaki wao, wanatupa matumbo, taa wakazoea, mpaka leo wakisikia boti wanakuja. Nilimwonyesha mama video kwenye simu akanyamaza kabisa, akairudia kama mara tatu, akasema "mwanangu, hao wamesahau uadui." Tokea siku hiyo kila mtu Tanga akipiga simu anaambiwa mama anakwenda kuwaona taa waliosahau uadui. Basi nikalipia tua yake na yangu humohumo melini, hela si ndogo, na fomu nikajaza, umri nikaandika, na sehemu ya mahitaji maalum nikaandika anatembelea mkongojo. Niliandika. Ninayo mpaka leo.

Falmouth ilikuwa jana yake na sina lawama, pale meli inafunga gatini unashuka kwa miguu yako. Tukatoka nje ya geti tukaenda mjini taratibu, mama akakuta mwanamke kaweka mafungu ya mchicha. Mchicha kabisa, wao wanauita callaloo. Pembeni mashelisheli yamechomwa motoni ganda jeusi, na stafeli. Mama akashika lile fungu la mchicha akaligeuza akaangalia mizizi, akaniambia huu umevunwa asubuhi. Yule mama muuzaji akawa anamwangalia anacheka, wakashikana mikono. Kwa hiyo jioni ile mama alikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu baba afariki, na ndiyo inayoniuma zaidi maana ndio furaha aliyolala nayo.

Asubuhi tukaambiwa tushuke deki ya chini kabisa, kuna mlango wanaufungua ubavuni mwa meli na boti inakuja kujiegesha pale. Grand Cayman hakuna gati la meli kubwa hizi, na wenye kisiwa chao walipiga kura 2025 wakakataa kujengewa, wana matumbawe yao wanayalinda, sina ugomvi nao hata kidogo. Ila sasa kama kila mtu anajua pale hakuna gati, kampuni inayopeleka meli pale kila mara inajua, kwa nini swali la mguu wa mama linaulizwa mlangoni? Kwa nini lisiulizwe siku ile wanakata hela kwenye kadi yangu?

Pale kabla ya mlango wameweka kama boriti la njano sakafuni, mwenye mkongojo anatakiwa avuke bila kushikwa wala kushika kitu ndio aruhusiwe. Amesimama afisa, kijana tu, shati jeupe na mistari mabegani. Mama akafika, akanipa mkongojo wake nishike, akaanza kujiandaa. Yule kijana hakumwangalia. Akaniangalia mimi akauliza, huyu anaweza kuvuka? Nikamwambia muulize mwenyewe. Akauliza tena mimi, anaelewa ninachosema? Jamani. Mama yangu amefundisha shule ya msingi miaka yote mpaka anastaafu, Kiingereza anakisikia chote, akamjibu polepole kwa Kiingereza chake cha darasani, nakusikia mwanangu. Hakugeuza hata shingo! Mama akainua mguu wa kulia ukapita, wa kushoto ndio wenye goti, akaweka mkono ukutani kidogo, kidogo tu, kama mtu anavyogusa ukuta gizani. Yule akasema ameshika, basi, mwingine apite. Akachukua kadi ya mama, ile ya kupandia na kushukia meli, akaigonga kwenye mashine ikalia, akanirudishia mimi ile kadi. Kadi ya mama anarudishiwa mtoto na mama amesimama pale pale.

Mimi sikatai usalama. Nimeona ile boti, ilikuwa inapanda na kushuka, nafasi kati yake na meli inafunguka na kujifunga, mtu mzima akiteleza pale ni kuvunjika nyonga, na nyonga kwa umri ule nazijua mimi mwisho wake, nimezihudumia. Pengine hata ingekuwa mimi niko zamu pale ningemkatalia. Hapo nimekubali. Lakini kuna namna ya kumkatalia mzee! Kitu cha kwanza kabisa tunachofundishwa kwenye kazi yangu ni uongee na mzee mwenyewe, uinamishe kichwa chako usawa wa macho yake, umwite jina, hata kama hasikii vizuri, hata kama amesahau jina la mwanawe. Ingemchukua sekunde kumi. Mama samahani, bahari leo imechafuka kidogo, naogopa utaumia. Mama angemwelewa, kwanza bahari anaijua kuliko yeye, angeangalia yale maji mwenyewe angesema kweli mwanangu. Badala yake ameondolewa kwenye foleni kama begi lililozidi uzito, watu wote wale nyuma wanaangalia, na mama akaanza kuwaomba radhi wale watu kwa kuwachelewesha. Mama yangu ndio anaomba radhi.

Tukarudi kwenye lifti. Hakusema kitu. Chumbani akakaa ukingoni mwa kitanda na vile viatu vya maji mguuni, akawa anaangalia dirishani, na dirisha letu lilikuwa upande wa kisiwa, mji unauona ule pale, boti zinakwenda zinarudi.

Sasa hapa ndipo lazima niseme kweli hata kama nina hasira. Mhudumu wa chumba chetu alikuwa kijana wa Indonesia, Muislamu, na tangu siku ya kwanza alikuwa anamwita mama Ibu, ndio heshima ya kwao kwa mtu mzima. Siku ya kwanza alimsalimia "apa kabar", mama akasikia habari akajibu nzuri, wote wawili wakashtuka. Kumbe wana maneno chungu nzima sawa na sisi, mengi ya Kiarabu mengine ya Kireno. Sabuni kwao sabun. Meza ni meja. Karatasi kertas. Nanasi nanas. Dunia ni dunia hivyohivyo, bendera ni bendera. Kila asubuhi akija kutandika mama anamwonyesha kitu kwa kidole na wanabadilishana, mimi niko kitandani nasikiliza, mama kawa mwalimu upya. Na alimwonyesha kwenye TV ile ramani ya mahali meli ilipo akamsaidia kukadiria kibla, kila siku anapita kumwambia leo tumegeuka. Hakuna aliyemtuma.

Basi siku ile akaingia na mataulo yake akakuta mama amekaa vile. Hakuniuliza mimi. Akayaweka mataulo chini, akachuchumaa mbele ya mama, akamwangalia, akaviona vile viatu, nadhani akaelewa maana kazi yao wanaijua. Akamwambia, "Sabar, Ibu." Mama machozi yakamtoka hapo. Nami nilikuwa nimeshayazuia yangu tangu mlangoni nikashindwa. Akamvua mama vile viatu yeye mwenyewe, kimoja kimoja, akavipangusa akavipanga chini ya meza.

Nilitaka kuandika nyota moja. Nikimkumbuka huyu natamani niandike tano. Halafu nakumbuka dawati la huduma.

Maana nilishuka risepsheni kudai hela ya tua. Wakaniambia muda wa kughairi umeshapita. Nikasema sijaghairi, mmetukatalia. Dada yule akawa anatabasamu tu, tabasamu moja haliongezeki halipungui, ananiambia taratibu za boti ziko kwenye karatasi ya ratiba iliyoletwa chumbani usiku. Nikaitafuta kweli ipo, mstari wa chini kabisa, herufi za kutafutia miwani, imeletwa usiku wa kuamkia siku yenyewe! Nikarudi mara ya pili na ile fomu kwenye simu, mahali nilipoandika mkongojo. Akaitwa meneja. Mwisho wakarudisha hela ya mama. Yangu hawakurudisha, eti mimi sikukataliwa, ningeweza kwenda. Yaani nimwache mama chumbani nikacheze na taa wake.

Nikapandwa na hasira nikasema nazitaka zile bakshishi zitolewe. Kwa wasiojua, kwenye meli hizi bakshishi inakatwa kila siku kwa kila kichwa, inajiandika yenyewe kwenye akaunti yako, na kwenye nyingi unaweza kwenda kuomba ipunguzwe au itolewe. Dada akasema sawa, akaanza kubonyeza. Nikamuuliza, hizi zinakwenda kwa nani? Akasema wahudumu wa vyumba na wa mezani. Nikamwambia acha, rudisha zote. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, njia pekee waliyokupa ya kuonyesha umekasirika inamwangukia aliyemvua mama yangu viatu, na yule mwenye mistari mabegani haimgusi.

Jioni kwenye chakula tulikaa na mke na mume wa Texas, watu wazuri, walikwenda kwa taa. Wakawa wanamsimulia mama kwamba ukishuka mchangani lazima uburute miguu, usinyanyue, ili taa akusikie aondoke usije ukamkanyaga. Mama akanigeukia akasema kwa Kiswahili, hiyo baba alinifundisha sina hata miaka saba. Nikawatafsiria. Wakanyamaza, kisha yule bibi akaanza kumuuliza mama habari za Kigombe, wakakaa mpaka meza inafutwa, akamchorea ngalawa kwenye kitambaa cha karatasi, yale matengo yake mawili na tanga. Kwa hiyo ile jioni, siwezi kusema ilikuwa mbaya.

Cozumel tulishuka gatini bila shida, tukakaa kwenye kivuli, tukanywa maji ya dafu, tukarudi. Basi.

Sasa ukiniuliza niende nisiende, sijui nikujibuje. Kijana mwenye miguu yake nenda, utafurahi. Mwenye mzazi, chagua safari ambayo kila kituo meli inafunga gatini, zipo, na hata hiyo uliza kwa maandishi na jibu likae kwenye simu yako, na siku ya kulipia tua uwalazimishe waseme boti au gati. Na kama watamsemesha mzazi wako kupitia kwako, usifanye kosa nililofanya mimi la kujibu. Kaa kimya mpaka wamwangalie.

Niliwaandikia barua pepe nikiwa nyumbani, ndefu kuliko hii. Wakajibu baada ya wiki kadhaa, wanasikitika, na wametuwekea vocha ya safari nyingine, itumike ndani ya mwaka. Kuhusu yule afisa hakuna hata neno moja. Nilikuwa nimeamua siijibu, lakini mama yuko Tanga nilimsomea kwenye simu kwa sababu inamhusu yeye, na nilitaka safari hii aulizwe yeye. Akanyamaza kidogo, akaniuliza yule kijana wa sabun bado yuko kwenye meli ile. Nikamwambia mikataba yao ni ya miezi, huenda ameshakwenda kwao Indonesia, huenda amepangiwa meli nyingine.

Akasema niulize kwanza.