Ghostbusters II: mizuka imerudi, kitisho kimebaki nyuma

Ijumaa usiku, nyumbani kwetu Kibokoni, niliwawekea wapwa zangu sehemu ya pili ya Ghostbusters, iliyotoka mwaka 1989, kwa kuwa ile ya kwanza ya mwaka 1984 walikuwa wameitazama wiki iliyotangulia wakacheka hadi machozi. Mwongozaji ni yuleyule Ivan Reitman, na Bill Murray, Dan Aykroyd, Harold Ramis na Ernie Hudson wote wamo, hivyo sikuwa na wasiwasi.

Wasiwasi ulinianza mapema. Miaka mitano baada ya jitu zima la peremende kupita katika barabara za New York, wakazi wa mji huo wanawaona wawinda mizuka kuwa matapeli, na wawili kati yao wanatumbuiza watoto kwenye sherehe za kuzaliwa. Hapa Mombasa jini akisemekana tu kuonekana chini ya mbuyu, habari zake husimuliwa hadi na wajukuu.

Filamu ya kwanza iliiheshimu hofu: yule bibi wa maktabani alisoma kitabu chake kimya, kisha akageuka ghafla kwa sura ya kutisha, nasi tukaruka kabla ya kucheka. Katika hii, Vigo, mzuka wa mtawala katili wa kale, hutumia muda mwingi akitoa vitisho kutoka ndani ya picha ukutani, ilhali ute wa rangi ya waridi unaolishwa na chuki za watu unatiririka chini ya mji. Ni mahakamani tu ndipo mambo yanapokolea. Hakimu anafoka, ute ulio mezani unachemka kadiri hasira yake inavyopanda, na mara wanaibuka ndugu wawili aliowahi kuwahukumu kufa kwenye kiti cha umeme. Mpwa wangu mkubwa alimwaga kachiri zote mkekani. Ajabu ni kwamba Hudson hayumo kabisa katika onyesho hilo.

Kuanzia hapo hadithi inakanyaga nyayo zake za zamani, mpaka Sanamu ya Uhuru inapotembezwa mjini, na mdogo wao akaniuliza, "Mjomba, kwani hili si jitu lilelile, limevishwa taji tu?" Sikuwa na la kumjibu. Peter MacNicol, anayeigiza kibaraka wa Vigo kwa lafudhi ya ajabu, alituchekesha mara kadhaa, lakini Vigo alipofanikiwa hatimaye kutoka pichani, watoto wote wawili walikuwa wamekwisha kulala.