Jezi ya Warren Moon: ushonaji mzuri, historia nusu

Jezi niliyoinunua mwezi uliopita katika duka moja la vifaa vya michezo hapa Houston ni nakala ya ile aliyoivaa Warren Moon alipokuwa kwotabeki, yaani kiongozi wa mashambulizi, wa Houston Oilers, timu ya mpira wa Kimarekani, kuanzia mwaka 1984 hadi 1993: ya rangi ya samawati, yenye namba 1 nyeupe iliyozungushiwa ukingo mwekundu, na jina MOON mgongoni. Bei yake ilikuwa dola 150 kabla ya kodi, kiasi ambacho sikuwa tayari kukitoa kabla ya kuigeuza nguo ndani nje, nami niliigeuza palepale mbele ya muuzaji.

Kwa upande wa kazi ya fundi sina malalamiko. Namba zimekatwa kwa vitambaa viwili, chekundu chini na cheupe juu, vikashonwa kwa cherehani kwa mishono ya kubanana, tofauti na zile jezi za bei nafuu ambazo namba zake hubandikwa kwa moto na kuanza kubanduka pembeni baada ya kufuliwa mara chache. Nimeshaifua mara nne kwa maji baridi na wekundu haujaingia kwenye weupe. Nilipokuwa nikipitisha kidole kwenye mishono hiyo nilikumbuka kwamba mwenye jina hilo mwenyewe alijua kushika sindano. Moon alizaliwa Los Angeles mwaka 1956, mvulana peke yake kati ya dada sita. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka saba, na kwa kuwa mama yao alikuwa muuguzi aliyebeba familia nzima, kijana alijifunza kupika, kushona na kupiga pasi ili nyumba iende.

Tahadhari moja kuhusu kipimo: mabega yamekatwa mapana, kwa kuwa wachezaji huvaa kinga nene chini ya jezi, na mtu wa kawaida atapwaya. Mimi huvaa L. Hiyo ilinimeza, nikachukua M.

Kasoro kubwa ya bidhaa hii imo kwenye kadi ya maelezo iliyofungwa shingoni kwa uzi. Kadi hiyo inaanza na mwaka 1984, kana kwamba mtu huyu aliibuka Houston akiwa na miaka 27 bila kupita popote, kisha inataja yadi 49,325 alizorusha katika ligi ya Marekani (yaani umbali ambao timu zake zilisonga mbele kwa mipira aliyorusha) na kuingizwa kwake katika Ukumbi wa Heshima wa mchezo huo huko Canton, Ohio, mwaka 2006. Yote hayo ni kweli. Lakini msomaji wa kadi hatajua kwa nini mchezaji wa kiwango hicho alichelewa hivyo kuanza, na jibu la swali hilo ndilo lililonifanya niitake jezi yake badala ya ya mwingine yeyote.

Kwa waliozoea soka letu, kwotabeki ndiye hupokea mpira mwanzoni mwa karibu kila shambulizi, akausoma ulinzi wa wapinzani kwa sekunde mbili tatu, kisha akaamua aurushe, amkabidhi mwenzake au akimbie nao mwenyewe. Timu nzima humsikiliza yeye. Kwa miaka mingi wakuu wa timu za Marekani hawakupenda kumwona Mweusi katika nafasi hiyo, na vijana Weusi walioicheza vizuri chuoni waliambiwa wahamie kwenye nafasi za kukimbia, kudaka au kulinda. Moon aliiongoza timu ya Chuo Kikuu cha Washington kuifunga Michigan 27 kwa 20 katika Rose Bowl, mechi kubwa ya vyuo, ya Januari 1978, akatajwa mchezaji bora wa siku hiyo, na bado yakaja maneno yaleyale ya kubadilisha nafasi. Alikataa. Alitia saini na timu ya Edmonton, Kanada, kabla ya siku ambayo timu za Marekani huchagua vijana kwa zamu, na uchaguzi ulipofanyika, raundi zote 12 zilipita bila jina lake kutamkwa.

Huko Edmonton alikaa misimu sita na kutwaa Kombe la Grey, ubingwa wa ligi ya Kanada, mara tano mfululizo, kuanzia 1978 hadi 1982. Mwaka 1983 pekee alirusha yadi 5,648. Ukijumlisha yadi 21,228 za Kanada na zile za kwenye kadi unapata 70,553, hesabu ambayo ingechukua mstari mmoja tu wa wino. Alipovuka kurudi Marekani, aliichagua Houston, ambako kocha Hugh Campbell, aliyemfundisha Edmonton, alikuwa amepewa timu. (Ajabu ya majina ni kwamba Edmonton nako kuna Oilers, ila hao hucheza mpira wa magongo juu ya barafu, kijana aliyenihudumia dukani alidhani ninatafuta jezi yao.)

Kuna jambo jingine ambalo mnunuzi afaa kulijua kabla ya kuchagua rangi. Samawati ni jezi ya nyumbani, ya Astrodome, ule uwanja wa kuezekwa ambao ungali umesimama mtupu hapa mjini, pembeni ya uwanja wa Texans, timu ya sasa ya Houston. Ilishuhudia mengi, zikiwamo baadhi ya mechi za mwaka 1990 ambao Moon aliongoza ligi kwa yadi 4,689. Hata hivyo, siku zake mbili zinazosimuliwa zaidi zilikuwa ugenini, na ugenini Oilers walivaa nyeupe. Ya kwanza ni tarehe 16 Desemba 1990 mjini Kansas City, aliporusha yadi 527, za pili kwa wingi katika mechi moja ya ligi hiyo hadi wakati huo. Ya pili ni tarehe 3 Januari 1993 huko Buffalo, mechi ya mtoano ambayo Oilers waliongoza 35 kwa 3 katika robo ya tatu na wakaipoteza 41 kwa 38 katika muda wa nyongeza, baada ya Moon kurusha mipira minne ya kufunga kabla ya mapumziko. Hakuwahi kucheza Super Bowl, fainali ya ligi hiyo, na kipigo cha siku ile ni kati ya vile vichungu zaidi alivyopata.

Kwa ubora wa kitambaa na ushonaji ninaipa jezi hii nyota nne kati ya tano. Namba 1 ilistaafishwa kwa heshima ya Moon mwaka 2006 na klabu ya Oilers, iliyohamia Tennessee mwaka 1997 na sasa huitwa Titans, ingawa mwaka 2025 Moon alimruhusu kwotabeki wake mpya, Cam Ward, kuivaa. Kwa hiyo mnunuzi asishangae akiiona namba hiyo ikiwa na jina jingine mgongoni.

Jumamosi iliyopita nilirudi dukani kuuliza kama wana nyeupe. Wanayo, saizi M, kwa bei ileile, na kadi iliyofungwa shingoni inaanza na mwaka 1984.