Albamu saba za jazz za kununua, na ipi itangulie

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Kwetu ukitaja jazz, mzee yeyote aliyewahi kuvaa bugaluu atakutajia Morogoro Jazz, Western Jazz na Tabora Jazz, na upande wa Kinshasa OK Jazz ya Franco. Hizo ni bendi za dansi. Jazz ninayoizungumzia hapa ni ile ya Marekani, hasa ya miaka ya 1956 hadi 1964, ambayo siku hizi inachapishwa tena kwenye santuri na kuuzwa kwa bei ya kumfanya mtu ahesabu hela mara mbili. Nimezipanga kwa sikio la mtu aliyekulia kwenye dansi, ndiyo maana ile inayoongoza karibu kila orodha duniani haikushika namba moja kwangu.

Namba moja nampa Art Blakey na Jazz Messengers, albamu ya Moanin'. Sikiliza mwanzo wake tu. Bobby Timmons anapiga kifungu kifupi cha piano, anakata, na tarumbeta na saksafoni zinamjibu kwa noti mbili, kama waumini wanaoitikia "amina". Anarudia, wanamjibu tena. Mtu aliyezoea mwimbaji kuita na wenzake kuitikia hana cha kufundishwa hapo. Kisha Blakey anapiga dramu kuwafungulia njia, na anaingia Lee Morgan na tarumbeta yake, kijana wa miaka 20, anacheka na noti kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Hayo yalirekodiwa tarehe 30 Oktoba 1958 huko Hackensack, New Jersey, sebuleni kwa wazazi wa fundi mitambo Rudy Van Gelder.

Toleo la kwanza la kampuni ya Blue Note lilikuwa na namba 4003, na jalada lake liliandikwa jina la Blakey na bendi yake tu. Jina la Moanin' lilizoeleka baadaye. Toleo hilo la kwanza likiwa safi, huuzwa bei ya kununulia pikipiki, kwa hiyo tuliache kwa wenye nazo. Ukikuta nakala ya zamani ya bei ya kawaida, itoe kwenye jalada, iinamishe kwenye mwanga, kisha tazama ile sehemu laini kati ya mwisho wa mistari na karatasi ya katikati. Ukiona herufi RVG au jina VAN GELDER, ujue aliyechonga ile sahani ndiye huyohuyo aliyerekodi. Usipoziona, si lazima iwe mbaya, lakini bei ishuke.

Namba mbili ndiyo Kind of Blue ya mpiga tarumbeta Miles Davis. Ilirekodiwa kwa siku mbili tu, 2 Machi na 22 Aprili 1959, kwenye studio ya Columbia ya Mtaa wa 30 jijini New York, jengo lililowahi kuwa kanisa. Ukiwatazama waliokuwemo unabaki kushangaa: John Coltrane na Cannonball Adderley kwenye saksafoni, Bill Evans kwenye piano (Wynton Kelly akimpokea katika wimbo mmoja), Paul Chambers kwenye besi na Jimmy Cobb kwenye dramu. Ni muziki wa watu wasio na haraka. Kwa mtu anayesubiri sebene, hapo ndipo tatizo lilipo, na ndiyo sababu nimeuweka nyuma ya Moanin'. Ukishaizoea Moanin', utagundua kwamba So What, wimbo mmojawapo wa Kind of Blue, inatumia ujanja uleule: besi inauliza, vyombo vya kupuliza vinajibu kwa noti mbili.

Sasa jambo la mnunuzi. Mashine iliyonasa kikao cha Machi ilikuwa inakwenda polepole kuliko inavyotakiwa. Kanda yake ikichezwa kwa kasi ya kawaida, muziki unakwenda mbio kidogo na sauti inapanda. Matokeo yake, kwa zaidi ya miaka 30, nyimbo tatu za upande wa kwanza ziliuzwa zikisikika juu kidogo ya sauti halisi. Shika gitaa lililokwisha tyuniwa, jaribu kuifuata So What kwenye nakala ya zamani, utaona vidole vinagombana na santuri. Kosa lilirekebishwa kwenye matoleo ya miaka ya 1990 na kuendelea. Kama unanunua ili usikilize na si kuweka kabatini, chukua jipya.

Ya tatu haitajwi sana, na kwetu ingepaswa kutajwa: Uhuru Afrika ya mpiga piano Randy Weston, iliyorekodiwa New York Novemba 1960, mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilijipatia uhuru. Mashairi ni ya Langston Hughes, mpangaji wa muziki ni mama mmoja fundi wa tromboni, Melba Liston. Mwanzoni kabisa Mtanganyika Tuntemeke Sanga anasoma kwa Kiswahili, mwaka mzima kabla bendera ya Tanganyika haijapandishwa. Sehemu zake zina majina kama Uhuru Kwanza na Kucheza Blues. Makaburu wa Afrika Kusini waliipiga marufuku. Haionekani madukani mara kwa mara. Ukiikuta katika hali nzuri, nunua kwanza, maswali baadaye.

(Kwa kuwa tumegusa Kiswahili: mwanzoni mwa miaka ya 1970 mpiga piano Herbie Hancock na wenzake walijipa majina yetu. Yeye alikuwa Mwandishi, mpiga besi Buster Williams akawa Mchezaji, Eddie Henderson wa tarumbeta, ambaye ni daktari kweli, akawa Mganga. Julian Priester wa tromboni akachukua Pepo Mtoto. Nilipomsomea bibi jina hilo aliomba nizime redio.)

Namba nne ni onesho la Duke Ellington kwenye tamasha la Newport, 7 Julai 1956, na hapa nasema usinunue santuri ya zamani. Usiku ule Paul Gonsalves alipiga solo ya saksafoni mizunguko 27 mfululizo hadi watu wakasimama kucheza, lakini alikuwa ameelekea maikrofoni ya redio ya Sauti ya Amerika badala ya ile ya kampuni iliyokuwa ikirekodi. Kwenye santuri ya 1956 anasikika kwa mbali, na sehemu kubwa ya albamu ilirudiwa studio, kisha makofi yakabandikwa juu. Kanda ya redio ilipopatikana, mafundi waliziunganisha kanda mbili, na mwaka 1999 ikatoka CD mbili zenye onesho lenyewe. Hiyo ndiyo ya kutafuta, na bei yake ni ndogo.

A Love Supreme ya John Coltrane, ya 9 Desemba 1964, naiweka ya tano kwa sababu haitaki mtu anayepiga deki huku akisikiliza. Aliyewahi kukaa kwenye zikiri usiku atauelewa mara moja ule urudiaji. Hakikisha jalada ni la kufunguka kama kitabu, kwa kuwa ndani kuna shairi la Coltrane, na sehemu ya nne anaipiga kwa kufuata maneno ya shairi hilo. Bila maneno mbele yako umepoteza nusu.

Mingus Ah Um ya Charles Mingus, 1959, ni ya sita. Santuri ya awali ilikata vipande vya nyimbo kadhaa; CD za mwishoni mwa miaka ya 1990 zilivirudisha.

Kabla ya ya saba, tahadhari. Rekodi zilizotoka kabla ya 1963 hazina tena ulinzi wa hakimiliki katika Umoja wa Ulaya, kwa hiyo kampuni yoyote inaweza kuzichapisha, na baadhi huchukua tu CD na kuigeuza kuwa santuri. Jalada linang'aa, limeandikwa uzito wa santuri, gramu 180, lakini hakuna mahali panaposema ilitolewa kwenye kanda ipi. Uzito si sauti. Na ukiagiza kutoka nje, usiagize wakati wa joto kali: moja niliyoagiza ilikaa ghalani wiki tatu mwezi Februari, ikanifikia imepinda kama chapati, na muuzaji akasema ilitoka kwake ikiwa imenyooka.

Ya saba ni Time Out ya Dave Brubeck, nayo ni ya 1959. Umeshaisikia hotelini hata kama hujui jina lake. Ukichoka kuusikia wimbo wake wa Take Five, kumbuka kwamba mtunzi wake, Paul Desmond, aliacha wosia mapato yake yaende kwa Msalaba Mwekundu wa Marekani.