Nimebadilisha shawa ya zamani mwenyewe bila kuvunja kigae hata kimoja, uzoefu wangu baada ya miezi 4

Shawa yetu ilikuwa ile ya chuma ya zamani, imekaa hapo tangu nyumba ijengwe, rangi imebanduka, shingoni imeota ukijani, na vitundu nusu nzima vimezibwa na chokaa ya maji. Vilivyobaki vinarusha maji pembeni, yanapiga ukutani huku wewe mgongoni unapata matone tu. Fundi aliyekuja kuangalia akasema dawa ni kuvunja vigae tubadilishe bomba lote la ukutani. Nikamuomba aniache nifikirie kwanza, maana kuvunja vigae ni gharama na ni wiki nzima bila bafu.

Nilianza na siki. Nikaimimina kwenye mfuko wa plastiki, nikauvalisha ile shawa na kuufunga na mpira, ikalala hivyo usiku kucha. Asubuhi vitundu vingi vilikuwa vimefunguka, siki inayeyusha chokaa kweli, kwa hiyo kama shida yako ni kuziba tu jaribu hiyo kabla hujatoa hela yoyote. Yangu ilikuwa na ufa shingoni ndo maana nikaenda kununua.

Nilichukua shawa ya mkono, ile yenye mpira mrefu. Kwenye boksi kuna kichwa cha plastiki kilichopakwa kromi, mpira wa mita 1.5 uliovikwa chuma, kishikio cha kuutundika, na washa mbili, vile vipete vya mpira vya kuzuia maji kuvuja. Kabla ya kununua pima nyuzi za bomba linalotoka ukutani, yaani ile mistari ya kukazia nati, nyingi sana ni nusu inchi na yangu ilikuwa hiyohiyo. Na kama yako ni ile inayochemsha maji kwa umeme palepale kichwani usiiguse, hiyo mwachie fundi umeme.

Kuitoa ya zamani ndo kulikuwa na kazi. Nati ilikuwa imeganda kabisa, nikaizungushia kitambaa ili spana isiikwaruze halafu kwa mkono mwingine nikalishika lile bomba la ukutani kwa nguvu lisizunguke, hapa jamani kuweni makini sana maana likizunguka likavujia ndani ya ukuta ndo kweli utavunja vigae. Ilivyotoka nikafungulia maji kama nusu dakika hivi bomba likiwa wazi, ukatoka mchanga wa kutu na vipande vya chokaa kama maganda ya yai, nikashukuru sijafunga shawa mpya kwanza, maana uchafu wote ule ungeingia kwenye vitundu vyake.

Mara ya kwanza ilivuja. Tone moja moja pale kwenye nyuzi, nikakaza zaidi, bado. Kumbe ile tepu nyeupe ya kuziba uvujaji kwenye nyuzi nilikuwa nimeizungusha kinyume, ukikaza nati inaisukuma tepu inajikunja na kutoka. Nikaifuta yote, nikazungusha upya kuelekea upande uleule wa kukazia, mizunguko 4 ya kubana, nikakaza kwa mkono mpaka mwisho na kuongeza robo mzunguko tu kwa spana. Mpaka leo pakavu. Pale mpira unapoungana na kichwa usiweke tepu, washa yenyewe inatosha. Kazi yote pamoja na kurudia haikufika saa moja.

Sasa maji. Nimepima, ndoo ya lita 10 inajaa kwa sekunde 70 hivi, yaani ukioga dakika 5 umetumia lita 40 na kidogo, na yanatoka yamekusanyika yanakufika mwilini. Vitundu vyake ni vya mpira laini, chokaa ikianza kukaa unapitisha kidole gumba inadondoka yenyewe.

Ila kilichonifanya niandike haya ni mama. Magoti yanamsumbua, kusimama muda mrefu hawezi, kwa hiyo ilikuwa lazima dada aingie naye amwagie maji kwa jagi, na mama ni mtu wa haya zake, nilikuwa naona anavyoahirisha kuoga mpaka jioni. Siku nilipomaliza kufunga nikamwekea kiti cha plastiki humo ndani, shawa anaishika mwenyewe amekaa. Alichukua karibu nusu saa mpaka nikaingiwa na wasiwasi nikagonga mlango, akaniambia, "Niache mwanangu, leo naoga mwenyewe." Tangu siku hiyo dada hajaingia tena.

Kasoro ipo moja, kishikio. Ni cha plastiki na baada ya miezi 2 kimelegea, ukitundika kichwa kinainama taratibu kinaangalia chini. Kingine ambacho si kosa la shawa yenyewe, usiache kichwa kimezama kwenye ndoo ya maji yaliyotumika, presha ikishuka kwenye bomba yale maji machafu yanaweza kunyonywa kurudi ndani.

Nyota 4 kati ya 5, hiyo moja nimeinyima kwa ajili ya kishikio. Natafuta cha chuma kinachoingia kwenye nyuzi hizohizo za nusu inchi, mwenye nacho aniambie kinashikaje baada ya mwaka, kwa sababu mama anapenda kutundika kichwa cha shawa mwenyewe akimaliza.