TAHADHARI: Leseni ni ya kweli, ila ilishafutwa

Ndugu zangu mlioko huku Marekani, hasa sisi wa malori na wenzetu wenye nyumba za kulelea wazee, kuna mtu anapita kwenye magrupu yetu akiwinda wanaotafuta mtaji. Kiswahili chake kimenyooka, kila mtu kwake ni "kaka" au "dada", na ana karatasi. Hiyo karatasi ndiyo iliyoniponza.

Nilikuwa natafuta hela ya lori la pili. Akaniambia kampuni yake ni SBIC, yaani kampuni binafsi ya kuwekeza kwenye biashara ndogo, yenye leseni ya SBA, wakala wa serikali anayesimamia mambo ya biashara ndogo. Akanitumia picha ya leseni: namba ipo, muhuri upo. Nitangulize dola 1,850 za "kushughulikia faili" kwa Zelle, njia ya kutumiana hela benki kwa benki, na mkopo ungetoka ndani ya siku kumi. Mke wangu akauliza, "Mtu anayekukopesha anaanzaje kwa kukuomba hela?" Nikamjibu jibu la kijinga ambalo sitaliandika hapa. Nikatuma.

Siku kumi zikapita, zikaja nyingine kumi. Ndipo nikaichukua ile namba nikaitafuta kwenye Federal Register, gazeti rasmi la serikali ya shirikisho, ambalo liko mtandaoni bure. Likatokea tangazo fupi, aya moja tu: kwa amri ya mahakama, SBA imeifuta leseni ya kampuni hiyo. Miaka kadhaa iliyopita! Kumbe jamaa hakughushi kitu, alikuwa anatembeza maiti. Nahisi hata ofisi ya hiyo kampuni hajawahi kuikanyaga.

Msinielewe vibaya, kufutiwa leseni peke yake si wizi. Mpango wa SBIC upo tangu sheria ya 1958. Kampuni inakusanya mtaji wa watu binafsi, halafu inakopa zaidi kwa dhamana ya SBA. Ikishindwa kulipa au ikivunja kanuni, SBA inaweza kwenda mahakamani, na mahakama ikaikabidhi SBA mali ya kampuni iisimamie. Nyingine zinamaliza kazi, zinalipa madeni yao na kurudisha leseni zenyewe, hakuna aliyelia. Ila baada ya hapo ile karatasi haimruhusu mtu kufanya lolote kwa jina la SBIC.

Na ningejiuliza kidogo tu ningeshtuka. SBIC kwa kawaida hutakiwa kuwa na mtaji binafsi wa angalau dola milioni 5. Wenye hela hizo wanatafuta kampuni zinazokua, wanakagua vitabu vya hesabu kwa miezi. Mimi na lori langu moja wangenifuata WhatsApp kufanya nini?

Orodha ya SBIC zenye leseni hai iko kwenye tovuti ya sba.gov. Linganisheni jina herufi kwa herufi, maana wanapenda kubadilisha neno moja la mwisho. Barua pepe ya SBA huishia na sba.gov, si Gmail. Tena kanuni za FTC, wakala wa serikali anayelinda wateja, zinamkataza anayeuza kwa simu kudai malipo kabla ya kutoa mkopo aliouhakikishia.

Kama kweli uliwahi kuchukua hela kwa kampuni iliyofutiwa leseni, deni halijafa. Linaweza kudaiwa na SBA au msimamizi aliyewekwa na mahakama. Akikupigia mtu kusema yeye ndiye mkusanyaji, thibitisha kwanza SBA kabla ya kutuma hata senti.

Aliyekwisha kutuma apige simu benki leo hii, ingawa hela ya Zelle uliyoidhinisha mwenyewe ni ngumu kurudi. Halafu ripoti reportfraud.ftc.gov na kwa Mkaguzi Mkuu wa SBA. Mimi nimeripoti kote, hela bado.

Jana kanipigia tena. Eti mkopo umepita, zimebaki dola 600 za bima.