Hospitali ya Koala, Port Macquarie: wagonjwa kwanza, wageni baadaye

Anayekwenda Port Macquarie, mji wa pwani ulio kilomita zipatazo 390 kaskazini mwa Sydney, nchini Australia, akitarajia kumpakata koala, mnyama wa huko anayeishi mitini na kula majani ya mikaratusi, na kupigwa naye picha, atarudi mikono mitupu, kwa kuwa sheria ya jimbo la New South Wales haiwaruhusu wageni kufanya hivyo, na Hospitali ya Koala haionyeshi hamu yoyote ya kuitafutia mwanya. Kwangu mimi hiyo ndiyo sifa yake ya kwanza.

Hospitali hii ilianzishwa mwaka 1973, imo katika viwanja vya nyumba ya kale iitwayo Roto House, na kazi yake nyingi hufanywa na watu wa kujitolea. Hakuna kiingilio, ila mchango wa hiari. Mgeni huwatazama kwa mbali, katika vizimba vya nje, wale wanaoendelea kupata nafuu. Waliotoka kugongwa na gari, kung'atwa na mbwa, kuugua klamidia, maradhi ya kuambukiza yanayoletwa na bakteria, au kuungua. Jina la mgonjwa huanza na mahali alipookotwa, utaratibu ambao una manufaa yake, maana anayepona hurudishwa karibu na huko huko.

Moto wa misitu uliowaka Australia mwaka 2019 na 2020 ndio ulioitangaza hospitali hii duniani. Koala hana mbio za kumwokoa: akihisi hatari hupanda kileleni, na moto ukifika huko humteketeza, ilhali anayenusurika huunguza viganja anaposhika mashina ambayo bado yana joto. Vidonda husafishwa, hupakwa dawa na kufungwa bendeji zinazobadilishwa mara kwa mara, mara nyingi mgonjwa akiwa amelazwa usingizi kwa dawa ili asiteseke. Kucha zikiwa zimeng'oka, itabidi asubiri ziote, kwa sababu asiyeweza kukwea mkaratusi hana namna ya kula.

Novemba 2019 ilienea video ya mwanamke aliyevua shati lake na kumtoa nalo koala motoni. Koala huyo, Ellenborough Lewis, alifikishwa hapa, lakini vidonda havikupona, na baada ya siku chache madaktari waliamua kumpumzisha, yaani kumuua kwa dawa ili asiendelee kuteseka. Hospitali ililitangaza jambo hilo waziwazi wakati michango ilikuwa ikimiminika, nami naona taasisi nyingi zingelinyamazia.

Michango yenyewe ilipita matarajio yote: ziliombwa dola 25,000 za Australia kwa ajili ya vituo vya maji ya kunywa porini, zikapatikana zaidi ya milioni 7, na sehemu ya fedha ikaelekezwa kwenye mpango wa kuzalisha koala wa porini. Ni matumizi ya busara, kwani koala wa New South Wales waliingizwa mwaka 2022 katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Hata hivyo siwezi kuacha kuona kwamba sura ya kupendeza huvuta fedha. Kangaruu na popo waliungua katika moto ule ule bila kuchangiwa hivyo.

Jambo hilo linamhusu pia msafiri, kwa maana hospitali hii ni ya koala peke yao. Anayemkuta mnyama mwingine aliyeumia katika jimbo hilo asimpakie garini kumleta hapa, bali apige simu kwa WIRES, shirika la uokoaji wa wanyamapori, naye popo asimguse kabisa, kwa sababu baadhi yao hubeba virusi vinavyoweza kumuua binadamu.